Mfungo wa walio wachache: Kwaresima inavyopita Garissa

Mwaka huu mifungo miwili ilianza juma moja. Jumatano ya Majivu, siku ambayo Wakristo huingia Kwaresima, ilikuwa tarehe 18 Februari, na mwezi wa Ramadhani ukaandama siku hizo hizo. Kalenda ya mwezi hurudi nyuma kama siku 11 kwa kila mwaka wa jua, kwa hiyo mkutano wa karibu namna hii huja baada ya miaka kama 33. Ulipokuja mara ya mwisho, mifungo miwili ikapishana siku moja au mbili tu, ilikuwa Februari 1993. Huku Pwani wengi wetu tumeshasali Idi na njaa tumeshaisahau. Wenzetu bado wamo njiani, maana Pasaka yao ni tarehe 5 Aprili.

Katika wiki zile nne mifungo ilipokwenda sambamba, swali moja lilisikika sana barazani: Wakristo nao hufunga? Na kama hufunga, mbona tunawaona wakila mchana? Ni swali la haki na linastahili jibu zuri kuliko kicheko linachopewa mara nyingi. Nitalijibu, ila sitalijibu kwa kuitazama Mombasa, ambako makanisa ni mengi na Kwaresima hupita bila mtu kugutuka. Nitalijibu kwa kuutazama mji wa Garissa na nchi iliyo ng'ambo yake hadi Wajir na Mandera. Kule anayefunga Kwaresima ni mmoja kati ya wengi wasioifunga, na kalenda ya kanisa ina tarehe zenye damu.

Tuanze na neno. Kwaresima limetoka katika Kilatini na maana yake ni ya arobaini. Wareno, waliotuachia meza na leso, husema Quaresma. Hesabu hiyo ya arobaini inafuata siku ambazo Injili inasema Yesu alikaa jangwani akifunga kabla ya kuanza kazi yake. Mtu akihesabu kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi ya kuamkia Pasaka atapata siku 46, si 40, akadhani kuna hila. Hakuna. Jumapili hazihesabiwi, kwa kuwa kwa Mkristo kila Jumapili ni kumbukumbu ya ufufuko na haifungwi. Pasaka yenyewe pia hufuata mwezi: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Ndiyo maana sikukuu hiyo huhamahama kati ya Machi na Aprili, tofauti na Krismasi.

Sheria ya kufunga kwa Wakatoliki ni nyepesi kuliko yetu, na wenyewe hawaoni haya kusema hivyo. Siku za kufunga kwa lazima ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Katika siku hizo mtu wa kuanzia miaka 18 mpaka 59 hula mlo mmoja kamili, na vitafunio viwili visivyofikia mlo wa pili. Maji hayazuiwi. Zaidi ya hapo, kila Ijumaa ya Kwaresima nyama huachwa kwa aliyefika miaka 14. Kwa hiyo ukitaka kumpelekea jirani yako Mkatoliki sahani ya biriani Ijumaa ya msimu huu, mpelekee ya samaki. Ya mbuzi ataipokea kwa adabu na kuiweka mpaka Jumamosi.

Mengine ni ya hiari: mtu huacha pombe, huacha sukari, huacha kusengenya, huamka mapema kusali. Kanisani rangi hubadilika kuwa zambarau, na wimbo wa Aleluya haupigwi hata mara moja mpaka usiku wa Pasaka. Kila Ijumaa hufuatwa Njia ya Msalaba, vituo 14 vya kukumbuka safari ya Yesu kuelekea kuuawa. Watu hukumbushwa kwenda kwenye kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, na hasa kurudisha haki ya mtu kabla ya kuomba msamaha wa Mungu. Nguzo wanazozitaja ni tatu: sala, mfungo na sadaka. Msomaji wa Kiislamu hapo hahitaji mkalimani.

Si Wakristo wote wanaoshika haya. Waanglikana na Walutheri wanayo Kwaresima. Africa Inland Church, kanisa lenye waumini wengi Garissa, halina desturi ya majivu wala siku arobaini; ibada yao ya kujitayarisha hukaza wiki ya mwisho. Wapentekoste wengi hufunga Januari, na wakifunga huwa mfungo mkavu kwelikweli. Waorthodoksi wa Ethiopia, majirani wa Mandera na Moyale kwa upande wa pili wa mpaka, hufunga siku 55 bila nyama, maziwa wala mayai. Hao ukiwaambia habari ya vitafunio viwili watakucheka.

Hata desturi ya kushiba kabla ya njaa inafanana. Sisi tuna vunjajungu, siku ya kula na kufurahi kabla mwezi haujaandama. Wakristo wa Ulaya walikuwa na Jumanne yao ya kumaliza mafuta, mayai na nyama ndani ya nyumba, na ndiko zilikotoka sherehe za karnivali za Brazil. Huku kwetu desturi hiyo haikushika mizizi. Mkristo wa Afrika Mashariki huingia Kwaresima kimyakimya, akiwa na alama ya jivu kwenye paji la uso.

Jivu hilo linahitaji maelezo kidogo, maana kwa Garissa ndilo lenye uzito. Matawi yaliyopeperushwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita (Pwani huwa ni majani ya mnazi) hukaushwa na kuchomwa, na jivu lake hutiwa kwenye paji la uso la muumini huku akiambiwa kwamba yeye ni mavumbi na mavumbini atarudi. Kuna kinyume cha ajabu hapo. Somo linalosomwa siku hiyo ni lile la Mathayo linalokataza mtu kuonyesha mfungo wake mbele za watu, na papo hapo waumini hutoka kanisani na mfungo wao umeandikwa usoni. Mombasa alama hiyo haimdhuru mtu, na mchana jasho hulifuta. Sasa mfikirie mwalimu au muuguzi anayepanda basi la kwenda Mandera jioni ya siku hiyo, katika barabara ambayo abiria wamewahi kuteremshwa na kutenganishwa kwa dini zao. Alama hiyo ni tangazo. Si vigumu kuelewa kwa nini mtu angeifuta kabla ya kupanda, wala simwoni aliyeifuta kuwa na imani haba.

Nani basi ni Mkristo wa Garissa? Hapa wasomaji wengi wa Pwani huwa na picha nusu. Wengi wao kweli ni watu wa bara: walimu, wauguzi, askari, maseremala, wachimba mawe, mama wa hoteli, waliofuata kazi na ambao familia zao ziko mbali. Kwaresima kwao ni mfungo wa ugenini. Lakini vuka daraja la Tana kutoka mjini Garissa ufike Madogo, na tayari umeingia Kaunti ya Tana River, yaani uko kwenye iliyokuwa Mkoa wa Pwani. Teremka na mto kupitia Bura na Hola hadi Ngao na Golbanti, na unakutana na Wapokomo. Wapokomo wa juu ni Waislamu kwa wingi, wa chini ni Wakristo kwa wingi, na ukoo mmoja huwa na watu wa pande zote mbili. Ukristo wa huko si wa jana. Wamethodisti walikuwa Golbanti katika miaka ya 1880, na mwaka 1886 mmishonari John Houghton na mkewe Annie waliuawa hapo katika uvamizi wa Wamaasai. Wamishonari wa Kijerumani waliingia Ngao miaka hiyo hiyo. Ukisikia mtu akisema Wakristo wa ukingo wa Tana waliletwa na serikali ya uhuru, mpeleke Ngao akaulize makaburi.

Kanisa Katoliki limeiweka nchi hii yote chini ya jimbo moja: Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, na jimbo hilo liko chini ya Jimbo Kuu la Mombasa. Lilianza mwaka 1976 kama eneo la kimisioni, likawa jimbo kamili tarehe 3 Februari 1984. Maaskofu wake wote wametoka shirika la Wakapuchini: Paul Darmanin kutoka Malta, kisha Joseph Alessandro, naye wa Malta, na tangu 2022 Mkenya George Muthaka. Wakapuchini ni watoto wa Fransisko wa Asizi, yule aliyevuka safu za vita vya msalaba mwaka 1219 kwenda kuonana na Sultani al-Kamil huko Misri, akapokewa vizuri na kurudi salama. Sijui kama walitumwa Garissa kwa ajili ya hadithi hiyo, lakini imewafaa.

Kanisa kuu lao mjini ni la Mama wa Faraja. Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012 watu wenye silaha walishambulia makanisa mawili ya Garissa kwa wakati mmoja. Katika AIC waliwaua kwanza polisi wawili waliokuwa mlangoni, wakachukua bunduki zao, wakarusha maguruneti na kuwapiga risasi waliokimbia. Watu 17 walikufa. Katika kanisa kuu guruneti lilijeruhi watu, hakufa mtu. Siku chache baadaye viongozi wa Kiislamu, akiwemo katibu mkuu wa SUPKEM wakati huo, Adan Wachu, walisema vijana wa Kiislamu watasimama kulinda makanisa. Tangu hapo kusali Garissa ni kusali mbele ya bunduki ya serikali. Askari wako langoni na muumini hupekuliwa kabla ya kuchovya maji ya baraka.

Halafu ikaja Alhamisi Kuu ya 2015.

Ili mtu asiye Mkristo aelewe uzito wa siku ile, lazima ajue Alhamisi Kuu ni nini. Ni jioni ya kukumbuka karamu ya mwisho ya Yesu na wanafunzi wake. Padre huvua joho lake la juu, hupiga magoti na kuosha miguu ya watu 12, kwa sababu Injili ya Yohana inasimulia kwamba bwana mwenyewe aliosha miguu ya wanafunzi. (Mwaka 2013 Papa Fransisko aliosha miguu ya vijana wafungwa mjini Roma, Waislamu wakiwemo, na baadhi ya watu wake hawakufurahi.) Ni usiku wa usaliti pia, kwani aliyemuuza alikuwa ameketi mezani, akichovya katika bakuli moja naye. Baada ya misa altare huvuliwa vitambaa vyote ikabaki tupu, na waumini hukesha kidogo wakikumbuka kwamba rafiki zake walishindwa kukesha naye hata saa moja.

Tarehe 2 Aprili 2015, kama saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wanne wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakati huo kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi. Kundi la wanafunzi Wakristo lilikuwa tayari limeamka kwa sala ya alfajiri, na wao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Kisha wauaji wakaingia mabwenini na kuwatenga Waislamu na Wakristo. Kikosi maalumu cha polisi kiliingia chuoni jioni tu, na mambo yakaisha usiku ukiwa umeshaingia. Waliouawa ni 148: wanafunzi 142, polisi watatu na wanajeshi watatu. Miili ilipelekwa Nairobi, wazazi wakakusanywa uwanja wa Nyayo, na Ijumaa Kuu na Pasaka zikapita wakiwa kwenye foleni ya kutambua maiti Chiromo.

Mwaka 2019 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani watu watatu kwa kusaidia shambulio lile. Mmoja, Mtanzania, alihukumiwa kifungo cha maisha. Wawili walipewa miaka 41 kila mmoja. Aliyetajwa na serikali kuwa mpangaji mkuu alikuwa mtu aliyewahi kufundisha madrasa katika mji huo huo wa Garissa, na mmoja wa wale wanne alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Wote wawili walikuwa raia, wenye lugha zetu na vyeti vyetu. Habari ya msaliti aliyekula meza moja na aliyemuuza haikuhitaji mahubiri marefu mwaka ule.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 2015, misa ilisomwa katika kanisa la Mama wa Faraja chini ya ulinzi mkali, askofu Alessandro akiongoza. Watu walikuja. Hilo nalitaja kwa sababu linasahaulika: waliobaki mjini walienda kanisani siku tatu baada ya mauaji, wakijua kabisa kwamba mwaka wa 2012 kanisa lile lile lilirushiwa guruneti.

Swali ambalo Kwaresima humuuliza Mkristo wa Garissa ni la kusamehe. Sala wanayoisali kila siku, ile ya Baba Yetu, inaufunga msamaha wanaouomba pamoja na msamaha wanaoutoa. Ni rahisi kuyatamka hayo Nyali. Mzazi aliyemzika binti wa miaka 20 akiyatamka, ni jambo jingine, na nadhani wahubiri wanaomharakisha mtu kusamehe ili habari iishe vizuri hawamtendei haki. Toba na msamaha, katika mafundisho yao wenyewe, hutanguliwa na ukweli. Anayeungama hutaja dhambi yake, hasemi tu kwamba mambo yalitokea. Kwa kipimo hicho kuna wengi ambao bado hawajaungama, wakiwemo wale wa serikalini waliopata onyo na kulikalia.

Na kipimo hicho hukata pande zote. Jimbo la Garissa liliundwa tarehe 3 Februari 1984. Wiki moja baadaye, tarehe 10 Februari, jeshi la Kenya lilianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, chini ya jua, bila maji. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake 2013, iliona wanaweza kukaribia elfu moja. Waliouawa walikuwa Wasomali, Waislamu. Mkristo wa kutoka bara aliyekuja kaskazini akiwa na gwanda la serikali anabeba kumbukumbu hiyo mgongoni hata kama mwaka ule hakuwa amezaliwa, na mwenyeji humtazama kupitia kumbukumbu hiyo. Haihalalishi risasi hata moja ya 2015. Lakini anayeingia msimu wa toba Garissa akidhani wa kutubu ni jirani yake tu, hajaingia bado.

Wagalla ilijulikana nje kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mwanamke mmoja Mkristo. Annalena Tonelli, mwanasheria Mwitaliano, alifika Kenya mwaka 1969 na kuanza kufundisha Wajir mwaka uliofuata. Hakuwa mtawa wala hakutumwa na shirika lolote. Aliishi kifukara, akasali kwa siri, akawatibu wafugaji wenye kifua kikuu kwa njia aliyoitunga mwenyewe: wagonjwa walikaa kambini miezi sita wakimeza dawa mbele ya macho ya mhudumu, badala ya kwenda na dawa porini na kuziacha njiani. Njia hiyo ya kumsimamia mgonjwa hatimaye ilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Mauaji ya Wagalla yalipotokea alikwenda na gari kuokota majeruhi na maiti, akapeleka habari na picha nje. Kenya ikamfukuza. Alihamia Somalia, na tarehe 5 Oktoba 2003 akapigwa risasi Borama, katika hospitali aliyoijenga. Ni wachache Pwani wanaomjua, na hata Wakatoliki wenyewe hawamtaji sana. Wajir, wazee wa Kiislamu ndio wanaomtaja.

Kuna msimu mwingine wa kujitayarisha, Majilio, wiki nne kabla ya Krismasi, nao una tarehe yake kaskazini. Tarehe 21 Desemba 2015, wiki ya mwisho ya Majilio, basi lililokuwa likienda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, basi jingine liliotoka Mandera lilikuwa limesimamishwa na abiria 28 wasio Waislamu wakauawa. Safari hii wanawake wa Kiislamu waliwavika Wakristo hijabu zao kabla wavamizi hawajapanda, na abiria walipoamriwa wajitenge walikataa: waueni wote au waacheni wote. Mmoja wa waliokataa alikuwa Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, Mwislamu. Alipigwa risasi, na akafa hospitalini Januari 2016. Taifa lilimpa nishani baada ya kufa kwake, na filamu fupi iliyotokana na tukio hilo, Watu Wote, ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Filamu ni nzuri. Mimi hata hivyo humkumbuka zaidi kama mwalimu, kwa sababu ualimu ndio unaobomoka kule.

Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu wasio wenyeji waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa. Tume ya Walimu ikaanza kuwaondoa walimu wa kutoka nje katika Garissa, Wajir na Mandera, shule baada ya shule. Aliyeondoka ni Mkristo wa Kisii, Meru au Taita aliyehofia roho yake, na nani atamlaumu? Aliyebaki bila mwalimu wa hesabu ni mtoto wa Kisomali. Kila kanisa dogo la kule lilipopungukiwa waumini, na shule jirani ilipungukiwa watu wa kushika chaki. Hivyo ndivyo wachache hawa walivyofungamana na walio wengi, kwa kazi kabla ya mazungumzo yoyote ya dini. Chuo Kikuu chenyewe kilifunguliwa tena Januari 2016 kikiwa na wanafunzi wachache mno, kikapata hati yake ya kujitegemea 2017, na leo kina wanafunzi wa dini zote mbili, wengi zaidi wakiwa wenyeji.

Kuhusu sadaka ya Kwaresima nitakuwa mfupi. Kila mwaka maaskofu Wakatoliki wa Kenya huandaa Kampeni ya Kwaresima yenye kijitabu cha masomo ya kila wiki kuhusu mambo ya nchi kama ufisadi, ukame, vijana na afya, na waumini huyajadili katika jumuiya ndogondogo za nyumba kwa nyumba kisha wakachanga. Katika jimbo la Garissa mchango wa Kanisa kwa wenye njaa hufika kwa Waislamu zaidi ya Wakristo, kwa sababu rahisi kwamba wenye njaa kule ni Waislamu. Wakati mvua ziliposhindwa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, mifugo ikafa kandokando ya barabara zote za kaskazini, na Caritas ya Garissa ilikuwa miongoni mwa waliogawa chakula na maji. Kuna wanaosema huo ni mtego wa kuwabadilisha watu dini. Nusu karne ya jimbo hilo, na idadi ya waumini wake, inajibu tuhuma hiyo vya kutosha.

Limebaki la adabu, kwa kuwa Juma Kuu limekaribia na watu wataulizana waseme nini. Jumapili ya Matawi, tarehe 29 Machi, ni siku ya shangwe. Ukimwona jirani na jani la mnazi msalimie. Alhamisi na Ijumaa si siku za kupongezana. Usimwambie mtu heri ya Ijumaa Kuu, kwani ni kama kumpongeza mfiwa matangani. Mpe pole au kaa naye tu. Siku hiyo hamna misa popote duniani, ila ibada ya saa tisa alasiri ya kuheshimu msalaba. Heri ya Pasaka ianze Jumapili, na sahani ya nyama iende siku hiyo.

Kalenda imefanya jambo moja zaidi mwaka huu. Pasaka ya 2015 ilikuwa tarehe 5 Aprili, na ya 2026 ni tarehe 5 Aprili, kwa hiyo kwa Garissa Alhamisi Kuu na siku ya kumbukumbu ya wale 148 zimerudi kuwa siku moja, tarehe 2. Kesho yake, Ijumaa, misikiti ya mji itajaa adhuhuri kama kawaida, na saa tisa lango la Mama wa Faraja litafunguliwa, waumini wapekuliwe mmoja mmoja, waingie.